Mtoto wa Likizo ya Juni

Ijumaa, 6 Juni

Shule zimefungwa. Fred na Winfrida wameingia mchana wamelowa manyunyu mpaka soksi, wakatupa mabegi kwenye kochi na kuanza kugombea rimoti kabla hata ya kusalimia. Mama akaita kutoka chumbani, "Tuli, wapunguzie sauti hao, kichwa kinaniuma." Tuli ni mimi, Tulinagwe, mtoto wa kwanza, niliyemaliza kidato cha sita mwezi uliopita na ambaye sasa hivi nilitakiwa niwe Mbeya mjini.

Mimi na Neema, rafiki yangu tuliyelala naye bweni moja, tulishapanga kila kitu: kozi ya kompyuta, chumba cha kushea, kurudi nyumbani matokeo yakitoka. Halafu kliniki wakampima mama wakakuta presha iko juu. Daktari akamwambia akae kitandani, asiinue hata ndoo, mpaka ajifungue Agosti. Ndiyo, mama yangu ni mjamzito. Ana miaka arobaini na tatu. Winfrida, ambaye sote tulijua ndiye wa mwisho, ana miaka saba.

Neema kaondoka Jumatatu. Siku hiyohiyo baba aliniita sebuleni, akasema huku anaangalia viatu vyake, "Likizo hii wadogo zako ni wako, mwanangu. Mama yako apumzike." Basi, hapo ndipo alipoishia. Baba yangu yuko kwenye boila kiwandani, kiwanda cha chai, na nadhani ule mvuke umemzoeza kutoongea.

Jumamosi, 7 Juni

Nimebandika ratiba ya likizo ukutani, kwenye karatasi ya manila. Nilisoma kwenye simu kwamba likizo nzuri ya mtoto iwe na uwiano: masomo yasimeze mchezo, mchezo usimeze kazi, na runinga isimeze vyote. Nikapaka rangi kabisa. Asubuhi vitabu, kabla ya chakula kazi za nyumbani, mchana kulala au kusoma hadithi, jioni mpira. Runinga baada ya chakula cha usiku tu.

Fred ana miaka kumi na moja. Aliisoma amepinda shingo kama fundi anayekagua ukuta wa mwenzake.

"Sasa kukaa tu kuko wapi?"

"Kukaa tu ndiyo nini?"

"Kukaa tu, dada. Bila kufanya kitu."

Nikamwambia kukaa tu hakupangwi. Akasema basi sijamaliza kupanga, akaenda zake nje.

Winfrida yeye aliuliza nimeweka wapi saa ya kumkanda mama miguu, maana imevimba. Nikaandika pembeni kwa penseli.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani nimekwenda na wadogo zangu. Tulipotoka Mama Meshaki, jirani yetu wa geti la bluu, akanishika mkono mbele za watu. "Hongera ya mdogo, Tuli. Au ni mjukuu, mnatuficha?" Wanawake wakacheka. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikapika ndizi, nikaziunguza, sikula.

Jumatatu, 9 Juni

Ratiba ilifuatwa mpaka chai ya saa nne.

Jumanne, 10 Juni

Mvua. Umeme hakuna. Wamepigana kwa sababu ya blanketi.

Jumatano, 11 Juni

Nimempeleka mama kliniki. Ukungu ulikuwa mzito, bajaji zinawasha taa saa tatu asubuhi. Kutoka kituoni mpaka hospitali ni pafupi, lakini mama siku hizi anatembea kama aliyebeba maji kichwani. Nilitembea mbele. Najua kwa nini nilitembea mbele: nilikuwa nimevaa sweta pana, na watu wakituona pamoja wanatazama kwanza tumbo la mama, halafu langu.

Presha bado iko juu. Wamemwongezea dawa. Nesi kaniambia mimi, siyo mama, nisikilize vizuri: akilalamika kichwa kuuma sana, au macho kuona nyotanyota, nisisubiri kesho.

Neema katuma picha, kakaa mbele ya kompyuta kavaa miwani ambayo hata siyo yake. Nikamjibu "uko poa kinoma". Kisha nikazima data.

Ijumaa, 13 Juni

Fred kapotea saa ya vitabu. Nimemkuta kwenye kibanda cha video kule stendi, amebanwa kwenye benchi katikati ya makondakta, anaangalia sinema ya mapigano mdomo wazi. Nimemvuta sikio mpaka nje. Tulipofika getini akasema, "Wewe mwenyewe hutaki kukaa hapa. Kwa nini mimi nitake?"

Nikamwambia akaoshe vyombo.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nilisema nina mafua.

Jumatatu, 16 Juni

Nimebadilisha ratiba. Vitabu kwa muda wa saa moja tu, siyo mbili. Nimeongeza bustani: tumepanda figili nyuma ya jiko. Winfrida kapanda zake kwenye kopo, kaliweka dirishani kwa mama ili mama "awe na kazi ya kukaa." Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Nilitaka kuingia nikae naye, lakini nikasimama mlangoni na beseni mkononi, nikauliza kama anataka chai. Akasema hataki. Nikaondoka.

Sijui tumeachana wapi mimi na mama. Zamani nilikuwa namweleza hata ndoto.

Jumanne, 17 Juni

Baridi mbaya. Fred kavumilia saa nzima ya hesabu bila ugomvi. Nimempa parachichi kubwa peke yake.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika hospitalini, kwenye benchi la nje ya wodi. Nitaandika yote kwa mpangilio nione kama nitatulia.

Baada ya chakula cha mchana Fred alitoroka tena. Nilikuwa nafua, nikasikia geti, nikajua. Nilichoka. Nilisikia hasira inapanda kutoka miguuni. Mama alikuwa amelala, au nilidhani amelala. Nikamwambia Winfrida, "Kaa na mama, narudi sasa hivi," nikashika njia ya stendi.

Nilimkuta Fred palepale kibandani. Tukagombana barabarani, watu wanatazama. Akang'ang'ania nguzo, mimi namvuta, yeye anasema hatakwenda, amechoka na makaratasi yangu, mimi siyo mama yake. Hapo ndipo nikamwona Winfrida akitokea kwenye ukungu, peku, sketi imejaa matope.

"Dada, mama anasema haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni. Ananiita mimi jina lako."

Tulikimbia. Katikati ya mbio hizo, Fred akiwa pembeni yangu anahema, nikamgeukia nikamwambia maneno ambayo sasa nayasikia kila nikifumba macho. Nilimwambia, "Mama akifa itakuwa juu yako."

Mama alikuwa amekaa chini kati ya kitanda na ukuta, mkono machoni. Akasema, "Tuli, kuna nyota nyingi humu ndani." Nikamwita Mama Meshaki kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Alikuja na mumewe na gari lao. Mama Meshaki ndiye aliyemfunga mama khanga, ndiye aliyempakata kichwa njia nzima, na alipoona nalia akanikaripia, "Lia baadaye. Mshike miguu."

Hatujafika hospitali mama akaanza kutetemeka mwili mzima. Macho yakageuka. Mama Meshaki akamlaza ubavu, akawa anaita jina lake, "Agness! Agness!" kama anamwita kutoka shamba la pili.

Wakamchukua kwenye kitanda cha magurudumu. Daktari alikuja na karatasi, akaniuliza nina miaka mingapi, nikasema ishirini. Akasema ni kifafa cha mimba, lazima wamtoe mtoto sasa hivi, la sivyo tunawapoteza wote wawili. Baba alikuwa hajafika, simu yake haipatikani akiwa kwenye boila. Nikasaini mimi.

Baba kafika na ovaroli yake, uso mweusi wa moshi. Alisimama karibu yangu, bega kwa bega, tukawa tunautazama ule mlango.

Mtoto ni wa kike. Njiti. Yuko hai. Mama yuko hai, lakini hajaamka.

Ijumaa, 20 Juni

Mama hajaamka.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi muuguzi wa watoto njiti, Sista Imakulata, alitoka na kitu kimefunikwa kofia ya sufu nyekundu. Nilidhani ni kofia tupu. "Huyu hajafika hata kilo moja na nusu," akasema. "Anatakiwa akae kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, ndiyo joto lake. Mama yake bado hawezi. Nani ana kifua?"

Mimi na baba tukatazamana. Baba akarudi nyuma hatua moja. "Mimi nina mikono michafu," akasema.

Sista akamwonyesha sabuni ilipo, lakini mtoto akanipa mimi kwanza. Nilivua blauzi nyuma ya pazia. Akamlaza katikati ya kifua changu, miguu imekunjwa kama ya chura, akatufunga wote wawili kwa khanga, akanifunika sweta. Nilitegemea nitahisi upendo. Nilihisi woga. Alikuwa mwepesi, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Sikuthubutu hata kukohoa.

"Pumua," Sista akaniambia. "Yeye anakusikiliza wewe ndiyo akumbuke kupumua."

Jioni baba alirudi ameoga, kavaa shati la kanisani. Alivua hilo shati mbele ya wanawake wa wodi nzima, akakaa kwenye kiti, akanyoosha mikono. Mtoto alipofungwa kifuani kwake baba akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kinyakyusa, polepole, kwa sauti ya chini. Sijawahi kumsikia baba akiimba peke yake. Niliondoka naye anaimba.

Jumapili, 22 Juni

Bibi Esnath, mama yake baba, amekuja kutoka Lupepo na mkungu wa ndizi na kuku. Atakaa na watoto. Kafika tu, kaitoa manila yangu ukutani ili apate msumari wa kutundika kapu lake. Nilikasirika moyoni. Nilipotoka mbio kuwahi hospitali akanifuata mpaka getini, r yake ikiwa l kama kawaida, "Mjukuu wangu, halaka hiyo itakuangusha. Kula kwanza." Nilikula nimesimama.

Jumatatu, 23 Juni

Mama kaamka! Kaomba maji. Kamwuliza baba, "Mtoto gani?" Baba kasema, "Wa kike." Kisha kalala tena.

Jumanne, 24 Juni

Mama hana nguvu ya kumbeba, mshono unauma na presha bado inapanda na kushuka. Anakamuliwa maziwa, mtoto analishwa kwa mrija. Mimi mchana, baba baada ya zamu. Neema kapiga, sikupokea, mikono haikuwa yangu.

Jumatano, 25 Juni

Nimekwenda nyumbani kuoga. Nilidhani nitakuta vurugu. Nimekuta Winfrida kamkalisha bibi kwenye stuli, anamfundisha kusoma kitabu chake cha darasa la kwanza, akikosea anamgongea meza. Bibi anafuata kwa kidole, ananung'unika Kinyakyusa katikati. Kwenye bustani magugu yameng'olewa. Ndani kumefagiliwa.

"Nani kafanya yote haya?"

"Fred," bibi akasema. "Huyu mtoto halali. Anaamka kabla yangu, anafanya kazi kama mtu anayelipa deni. Umemwambia nini?"

Fred ndiye anayeleta uji hospitalini kila siku, kwa miguu, chupa ya chai kaikumbatia ndani ya koti. Lakini haingii wodini. Anamwachia mlinzi, anageuka. Nilikuwa nadhani anaogopa damu.

Nilimkuta nyuma ya jiko anapasua kuni. Nikamwita. Akaendelea kupasua. Nikakaa chini kwenye matope, mbele yake, ili akitaka kupasua anipite.

"Fred, nilisema uongo siku ile."

Akasimama.

"Ule ugonjwa alikuwa nao tangu kabla shule hazijafungwa. Daktari alijua. Mimi nilijua. Nesi aliniambia mimi dalili zake, siyo wewe. Wewe hukufanya kitu."

"Nilikwenda kuangalia sinema."

"Ulikwenda kuangalia sinema. Ndiyo hivyo tu."

Midomo ikaanza kumcheza. "Winfrida ndiye aliyekuwepo. Mimi nilikuwa nacheka. Wakati mama haoni, mimi nilikuwa nacheka, dada."

Nikamvuta. Alikuwa mgumu kama kuni zake, halafu akalegea mwili mzima, akalia kwa kelele, kilio cha mtoto mdogo. Bibi alichungulia, akarudi ndani. Tulikaa pale mpaka manyunyu yakatulowesha. Kuomba msamaha nilimwomba, lakini naona sentensi ile itakaa naye muda mrefu kuliko msamaha. Lazima nimwambie tena. Na tena.

Alhamisi, 26 Juni

Fred kaingia wodini leo. Kasimama mbele ya kitanda cha mama, kofia mkononi. Mama akasogea polepole, akapapasa nafasi pembeni yake. Fred kapanda na viatu.

Ijumaa, 27 Juni

Siku mbaya.

Mchana nilikuwa na mtoto kifuani, nimesinzia kidogo. Kitu kikaniamsha, na sijui nieleze vipi: ilikuwa ni kimya. Kifua changu kilikuwa kinapanda na kushuka peke yake. Nikafunua sweta. Midomo ilikuwa ya bluu, uso una rangi ya majivu. Nikaita, "Sista!" Hakuna aliyekuja upesi, walikuwa chumba cha pili na mtoto mwingine. Nikakumbuka walichotufundisha. Nikampiga nyayo kwa kidole. Hakuna. Nikamsugua mgongo, kwa nguvu, nikawa namwambia kwa sauti kubwa, "Pumua, pumua wewe, hujamwona hata mama yako vizuri, pumua!" Wanawake wa wodini wamesimama, mmoja anasali.

Akakohoa. Sauti ndogo kama ya paka aliyekanyagwa. Kisha akavuta hewa, na rangi ikarudi, kwanza mdomo, halafu mashavu, halafu akalia, na mimi nikalia, na Sista Imakulata akaingia mbio akakuta tunalia wote. Akampima, akamwekea hewa, akasikiliza. Akasema njiti wengine husahau kupumua hivyo, na leo kakumbushwa kwa wakati.

Nilimwambia siwezi tena, atafutwe mtu mwingine, mimi nikilala ataniponyoka. Sikutania. Nilifungua khanga, nikamkabidhi, nikatoka nje. Nilikwenda mpaka getini kwa walinzi. Bajaji ilikuwa pale, na Mbeya siyo mbali. Nilifikiri hivyo kweli, na viatu vya wodini miguuni.

Baba alinikuta hapo akija zamu. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kiwandani nikiangalia geji ya boila kwa muda mrefu, naanza kuona inashuka wakati haishuki. Nikiona hivyo namwita mwenzangu aangalie, mimi nanywa maji. Halafu narudi." Akanipa pesa ya soda. "Kanywe. Halafu rudi."

Nikanywa. Nikarudi.

Jumapili, 29 Juni

Mama Meshaki kaleta supu wodini. Amemwosha mama nywele, akazisuka mistari mikubwa, muda wote anamsengenya mumewe mpaka wodi nzima inacheka. Kabla ya kuondoka akanivuta pembeni. "Mdomo wangu una tabia yake, Tuli. Nisamehe yale ya kanisani." Nikamwambia yameisha. Na nilipolisema hilo nikagundua yameisha kweli.

Jumatatu, 30 Juni

Mtoto ameongezeka. Kidogo sana, lakini mshale wa mizani umesogea.

Jumanne, 1 Julai

Mama amembeba kwa mara ya kwanza. Nilisaidia kufunga khanga. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta mtoto yuko wapi, kama bado haoni. Alipompata akafumba macho.

Nje ukungu ulikuwa umeondoka, Mlima Rungwe unaonekana wote, siku za hivi ni chache sana msimu huu.

"Nilikuonea aibu, Tuli," mama akasema ghafla.

Nikadhani nimesikia vibaya. "Wewe, mama?"

"Nilipojua nina mimba, sikumwogopa baba yako wala watu wa kanisani. Niliogopa jicho lako. Binti amemaliza shule, anasubiri maisha yake, halafu mama yake anarudi kwenye nepi. Nilikaa wiki kadhaa natafuta namna ya kukuambia, mpaka ukaona mwenyewe."

Nilitaka kusema haikuwa hivyo. Lakini ilikuwa hivyo.

"Na mimi nilikuonea aibu," nikasema. "Nilitembea mbele yako."

"Niliona. Nikasema atembee tu, miguu ya kwake ni mizima."

Akacheka kidogo, akashika mshono. Nami nikacheka. Sista akatuambia tusimtikise mtoto.

Alhamisi, 3 Julai

Matokeo yametoka. Nilikuwa na mtoto kifuani, zamu ya mama kulala, simu inalia mfululizo kwenye mfuko wa sketi. Sikuweza kuifikia. Mwanamke wa kitanda cha pili, naye ana njiti wake, akanitolea simu, nikamtajia namba yangu ya mtihani, akaanza kutafuta kwa kidole kimoja. Mtandao unazunguka. Wodi nzima ikajua. Mmoja anasema asome polepole, mwingine anasema asome haraka.

"Divisheni ya pili," akasoma. "Pointi kumi na moja. Hii ni nzuri au mbaya, mdogo wangu?"

Nikasema ni nzuri. Wakapiga vigelegele kwa sauti ya chini, vigelegele vya wodi ya watoto njiti, mikono mdomoni. Mtoto akashtuka, akakunja ngumi ndogo kwenye ngozi yangu. Siku nyingine ningekimbia barabarani. Leo nilikaa palepale, nikawaza chuo, Mbeya, Neema, kila kitu kwa wakati mmoja, na moyo unanienda mbio kama wa huyu.

Jumamosi, 5 Julai

Bibi amefuta meza na kuandika jina lake kwa chaki, herufi ya S imegeuka. Winfrida kampa vema.

Jumapili, 6 Julai

Wametoka! Daktari amesema tuendelee kumbeba kifuani hivyohivyo nyumbani, na turudi kliniki kila wiki kwa mizani. Mume wa Mama Meshaki kaja kutuchukua. Fred alikuwa getini tangu asubuhi. Winfrida kavaa gauni la Krismasi.

Baada ya chakula baba akasimama, jambo ambalo halifanyi. Akasema mtoto ataitwa Tusekile. Bibi akapiga makofi, akamshukuru Mungu, "Ee, tusekile, ndaga Kyala!" Winfrida akauliza maana yake, maana Kinyakyusa chake ni cha kuombea ndizi tu. Baba akamwambia: tumecheka. Tumefurahi. Kisha akakaa, akamaliza chai yake.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Tumepiga pasi sare. Neema kapiga, kundi jipya la kozi linaanza wiki ijayo, nafasi ipo. Nikasema nitafikiria. Mama alikuwa anasikia. Nilipokata akasema, "Unafikiria nini? Bibi yako hatarudi Lupepo mpaka Septemba. Baba yako ana kifua. Fred ana kifua. Nenda."

"Akisahau kupumua?"

"Tutamkumbusha. Siyo wewe peke yako mwenye kidole."

Nimetoa begi juu ya kabati. Nimeweka nguo mbili, nimezitoa, nimezirudisha. Sijatulia. Mwanzoni mwa Juni nilikuwa nataka kuondoka na sikuruhusiwa, sasa nimeruhusiwa na kila nikipita chumbani nasimama kusikiliza kama anapumua. Nitaondoka Jumapili baada ya ibada. Nimeandika hapa ili nisibadilishe.

Jumanne, 8 Julai

Shule zimefunguliwa. Waliondoka kwenye manyunyu, Fred kamshika Winfrida mkono bila kuambiwa, akamwachia walipofika kwenye kona ambapo wenzake wangemwona.

Mchana Winfrida karudi anaongea tangu getini. Mwalimu aliwasimamisha mmojammoja waeleze walivyotumia likizo. Mmoja alikwenda Dar, mwingine alikwenda Matema ziwani, mwingine kanunuliwa baiskeli. Ikafika zamu yake.

"Ukasema nini?" nikamwuliza.

"Nikasema sisi dada alipanga likizo nzuri, na haikwenda sawa hata kidogo, lakini tumepata mtu."

"Mwalimu akasema nini?"

"Akaniuliza huyo mtu anaitwa nani. Nikasema anaitwa Tusekile." Akavua viatu, akanawa mikono mpaka viwiko kama Sista alivyotufundisha, akaanza kufungua vifungo vya sare ili ampokee mtoto. "Basi darasa zima likacheka."